Kichuguu nyuma ya nyumba: wabunifu wanajifunza nini kwa mchwa?

Jua la saa saba mchana likishalipiga bati, ndani ya nyumba hakukaliki. Mama anatoa mkeka na kuutandika chini ya mwembe. Darasani watoto wanasinzia, mwalimu naye anajipepea kwa daftari. Mgonjwa aliyelala chumbani anageuzwa kila mara, shuka limelowa jasho.

Hatua chache kutoka hapo, pembeni mwa shamba, kimesimama kichuguu. Nacho kimepigwa na jua lile lile tangu asubuhi. Hakina mti wa kukifunika wala feni ya kukipuliza. Lakini ndani yake wanaishi mchwa, wadudu wenye ngozi laini kiasi kwamba ukiwaacha juani muda mfupi tu wanakauka na kufa.

Wanaishije humo? Swali hilo limewafanya wajenzi, wahandisi na wanasayansi wa nchi mbalimbali wapige magoti mbele ya vichuguu vya Afrika. Majibu waliyoyapata yamezaa majengo yanayojulikana duniani, na moja ya majengo hayo liko Turkana, kaskazini mwa Kenya. Katika makala haya tunaeleza ubunifu wa namna hii ni nini, umefanya nini hadi sasa, wataalamu walikosea wapi, na mwenye nyumba ya bati anaweza kuchukua nini humo.

Kuiga sura na kuiga kazi

Watu wetu wameiga viumbe tangu zamani. Tazama kanga zilizo kabatini: utakuta korosho, maua na majani, pindoni na katikati. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alijaza vibao vyake ndege na wanyama wa porini, na mtindo wake ukabaki na jina lake hadi leo. Mchongaji wa Kimakonde naye, kabla hajashika patasi, hulizungusha gogo la mpingo na kulitazama. Pindo la mti lilipo, hapo ndipo mgongo wa mtu au mkono wa shetani utakapotokea.

Huko tunaweza kukuita kuiga sura. Msanii anaona umbo au rangi, anaichukua, anaipamba kwa akili yake. Ni kazi kubwa na ina heshima yake.

Kuna kuiga kwa namna ya pili. Hapa mbunifu hachukui sura ya kiumbe, anachukua kazi yake. Haulizi, "Kiumbe hiki kinafananaje?" Anauliza, "Kiumbe hiki kinafanyaje?" Kinakaaje bila kulowa, kinapitaje majini bila kishindo, kinapataje hewa kikiwa kimefungiwa chini ya udongo? Akishajua, anatafuta namna ya kuitumia kanuni hiyo hiyo kwa chuma, nguo, rangi au tofali. Wataalamu huuita ubunifu huu uigaji wa asili.

Tuanze na mifano mitatu mifupi, kisha turudi kwenye kichuguu.

Mbegu inayong'ang'ania nguo. Kila aliyekulia kijijini amewahi kurudi kutoka shambani akiwa na kishona nguo kwenye sketi au suruali, akakaa chini kukitoa kimoja kimoja. Mwaka 1941, mhandisi wa Uswisi aitwaye George de Mestral alitoka matembezini na mbwa wake, wakarudi wamejaa mbegu za jamii nyingine inayoganda vivyo hivyo. Badala ya kuzitupa, aliiweka moja chini ya hadubini. Akaona kwamba ncha za miiba yake zimepinda kama ndoano ndogo, na ndoano hizo zilikuwa zimenasa kwenye vitanzi vya nyuzi za nguo. Ilimchukua miaka mingi ya kujaribu na kukosea mpaka akapata hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu, mwaka 1955. Alichobuni ni ule utepe wa viatu na mikoba unaofungwa kwa kubandika na kufunguliwa kwa kuvuta, ukitoa sauti kama kitambaa kinachochanika. Upande mmoja una ndoano, upande wa pili una vitanzi.

Jani lisilolowa. Mwagia maji jani la gimbi. Maji hayatandi. Yanajikusanya kuwa matone ya mviringo kama shanga, yanateleza, na yakiteremka yanabeba vumbi lililokuwa juu ya jani. Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Wilhelm Barthlott, alichunguza tabia hiyo kwenye jani la yungiyungi takatifu la Asia. Wengi wetu tungedhani jani lisiloshika maji lazima liwe laini sana. Yeye alikuta kinyume. Jani hilo lina vinundu vidogo mno vilivyofunikwa na nta, visivyoonekana kwa macho. Tone la maji linakaa juu ya vinundu hivyo bila kulishika jani lenyewe, na uchafu unanasa kwenye tone. Kutokana na ugunduzi huo ilitengenezwa rangi ya kuta za nje ambayo mvua ikinyesha huondoka na uchafu. Ilianza kuuzwa mwaka 1999.

Ndege anayezama bila kishindo. Nchini Japani, wahandisi wa treni za mwendokasi walikuwa na tatizo la kelele. Treni ikiingia kwenye handaki kwa kasi kubwa ilisukuma hewa mbele yake, na hewa hiyo ilipotokea upande wa pili ililipuka kwa mshindo uliowasumbua wakazi wa karibu. Mmoja wa wahandisi hao, Eiji Nakatsu, alikuwa mpenzi wa kuangalia ndege. Alijiuliza ni kiumbe gani huhama ghafla kutoka kwenye kitu chepesi kwenda kwenye kitu kizito. Jibu lilikuwa mdiria, yule ndege mla samaki anayejitupa kutoka hewani mpaka majini bila kurusha maji mengi, kwa sababu ya mdomo wake mrefu unaonenepa polepole kuelekea kichwani. Pua ya treni ikatengenezwa kwa kufuata mdomo huo. Treni hiyo ilianza kubeba abiria mwaka 1997, ikienda kilomita 300 kwa saa.

Katika mifano hii yote, hakuna aliyebandika picha ya ndege kwenye treni wala kuchora jani ukutani. Kilichochukuliwa ni kanuni. Sasa turudi kwa mchwa.

Ndani ya kichuguu kuna nini?

Mchwa wako wa aina nyingi, na wengi hawajengi vichuguu. Wanaojenga vile virefu tunavyoviona mashambani na maporini wengi wao ni wa jamii inayolima. Ndiyo, wanalima. Mchwa hao hukusanya nyasi na vipande vya miti, huvitafuna, na kuvipanga ndani ya kiota kama vitalu. Juu ya vitalu hivyo huotesha kuvu, yaani jamii ya uyoga, na kuvu hiyo huwasaidia kulainisha chakula. Mvua zikianza, uyoga mkubwa unaochipua kwenye vichuguu hutokana na mashamba hayo ya chini. Kwa hiyo ukiula uyoga wa kichuguu unakula mavuno ya mchwa.

Kundi moja kubwa linaweza kuwa na mchwa zaidi ya milioni 1. Wote wanavuta pumzi, na kuvu nayo inavuta pumzi, tena kwa wingi kuliko mchwa wenyewe. Hewa chafu inajaa haraka. Isipotoka, kundi lote linakufa. Lakini wakitoboa matundu makubwa ili hewa ipite, unyevu utatoka na maadui wataingia, hasa siafu.

Sehemu kubwa ya kichuguu unachokiona juu ya ardhi haina mchwa wanaokaa humo. Kiota chenyewe, pamoja na malkia na mashamba ya kuvu, mara nyingi kiko chini, usawa wa ardhi au ndani zaidi. Kile kinachosimama juu ni mtandao wa njia za hewa, kuanzia bomba kubwa la katikati hadi vijia vyembamba vinavyokaribia ngozi ya nje. Na ngozi hiyo, ingawa inaonekana ngumu kama saruji, ina vitundu vidogo sana vinavyoruhusu hewa kupenya polepole.

Mjenzi wa haya yote ni mchwa mfanyakazi asiyeona. Hana ramani wala msimamizi. Akikuta upepo unapenya mahali usipotakiwa, analeta punje ya udongo yenye mate na kuziba. Maelfu wakifanya hivyo usiku na mchana, kichuguu kinajengwa na kurekebishwa bila kukoma.

Mwaka 1961, mwanasayansi wa Uswisi aitwaye Martin Lüscher alichapisha maelezo yaliyosifika sana. Alisema joto la kiota hufanya hewa ipande katikati ya kichuguu, ifike juu, kisha iteremke kwenye njia za pembeni ambako hupoa na kubadilishana na hewa safi. Kwa maelezo hayo, kichuguu ni kama kiyoyozi kisichotumia umeme. Watu wengi waliyapenda maelezo hayo, wakiwemo wasanifu wa majengo.

Jengo la Harare

Mmoja wao alikuwa Mick Pearce, msanifu wa majengo wa Zimbabwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipewa kazi ya kusanifu jengo kubwa la ofisi na maduka katikati ya jiji la Harare. Wenye jengo hawakutaka gharama ya kununua na kuendesha mitambo ya viyoyozi, ambayo ingetoka nje ya nchi na kula umeme kila siku. Kwa hiyo Pearce alitakiwa ajenge jengo kubwa ambalo watu wangefanya kazi ndani yake bila kuungua, na bila mitambo hiyo.

Jengo hilo, Eastgate Centre, lilifunguliwa mwaka 1996. Ni majengo mawili marefu yanayotazamana, kila moja likiwa na ghorofa 9, na katikati kuna uwazi uliofunikwa kwa paa la kioo. Juu ya paa yamesimama mabomba ya matofali yanayoonekana kama safu ya dohani.

Linafanya kazi hivi. Harare iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake huwa wa baridi. Usiku, feni huingiza hewa hiyo ya baridi na kuipitisha kwenye nafasi zilizoachwa ndani ya sakafu za zege. Zege na matofali yanapoa. Asubuhi watu wanapoingia kazini, sakafu hizo zilizopoa zinanyonya joto linalotoka kwa watu, taa na mashine. Hewa iliyopata moto inapanda yenyewe na kutoka kupitia mabomba ya juu. Madirisha si makubwa, na yamekingwa yasipigwe na jua moja kwa moja. Ikifika jioni, zege limeshiba joto, na usiku kazi ya kulipoza inaanza upya.

Si kweli kwamba jengo hilo halitumii umeme kabisa kupoza hewa, maana lina feni. Lakini feni hula umeme kidogo sana kuliko viyoyozi vya jengo zima. Eastgate likawa mfano unaotajwa katika vyuo vya usanifu duniani kote: jengo la Afrika lililojifunza kwa mdudu wa Afrika.

Kumbe mchwa hawafanyi hivyo

Hapa ndipo hadithi inapopata mwiba wake, na ndipo sisi tunapoiona kuwa na faida zaidi.

Miaka kadhaa baada ya jengo kufunguliwa, mwanabiolojia wa Marekani J. Scott Turner na mhandisi wa Uingereza Rupert Soar walichunguza vichuguu kaskazini mwa Namibia. Walimimina plasta ndani ya kichuguu, wakaiacha igande, kisha wakauosha udongo ili waione ramani yote ya njia za hewa. Walipima pia joto la kiota, na kufuatilia hewa inakopita.

Walichokikuta hakikulingana na maelezo ya zamani. Joto la kiota halikubaki palepale mwaka mzima. Lilipanda na kushuka pamoja na joto la ardhi inayokizunguka, na tofauti kati ya msimu wa baridi na wa joto ilizidi nyuzi 10. Maana yake kichuguu si kiyoyozi. Kinachozuia joto la mchana lisiwafikie mchwa ni udongo wenyewe, kwa sababu kiota kiko chini ambako jua la siku moja halipenyi. Kazi ya kile kinachosimama juu si kupoza, ni kupumua. Turner alikilinganisha na mapafu: upepo wa nje, unaovuma na kukatika, husukuma na kuvuta hewa ya ndani taratibu, na hewa chafu hubadilishana na safi.

Mwaka 2015, watafiti wengine waliopima vichuguu vya India waliongeza jambo jingine. Mchana ukuta wa nje hupata moto haraka kuliko katikati, hivyo hewa hupanda pembeni na kushuka katikati. Usiku mambo hugeuka, kwa sababu ukuta wa nje ndio unaowahi kupoa. Kichuguu kinapumua kwa kutumia tofauti ya mchana na usiku.

Je, jengo la Harare lilijengwa juu ya uongo? Hapana. Linafanya kazi kwa sababu linafuata kanuni za kweli: hewa ya moto hupanda, kitu kizito huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa, na baridi ya usiku inaweza kuwekwa akiba. Kanuni hizo ni za kweli hata kama mchwa wanazitumia kwa njia nyingine. Lakini kosa lile lina funzo. Mtu akitazama kiumbe kwa haraka, ataona kile alichotaka kukiona. Msanifu alikuwa anatafuta baridi, akaona kiyoyozi. Mchwa walikuwa wanatafuta pumzi.

Na kuna jambo la kufurahisha zaidi. Tabia ya kupumua kwa kichuguu, ambayo mwanzoni haikuonekana vizuri, sasa inawavutia watafiti wa ujenzi kuliko ile ya kiyoyozi. Wanajiuliza kama ukuta wa nyumba unaweza kutengenezwa uwe na vijia vinavyotumia upepo na mabadiliko ya siku kubadilisha hewa, bila dirisha wala feni.

Kutoka Gando hadi Turkana

Wapo wanaodhani mambo haya ni ya majengo ya miji mikubwa tu. Francis Kéré anaonyesha vingine.

Kéré alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, Burkina Faso. Kijijini hakukuwa na shule, hivyo alipelekwa mbali na nyumbani akiwa mtoto ili asome. Anakumbuka madarasa yenye giza na joto, yaliyojaa wanafunzi. Baadaye alipata ufadhili wa kujifunza useremala Ujerumani, akaendelea mpaka akawa msanifu wa majengo. Akiwa bado mwanafunzi alichangisha fedha ili kijiji chake kipate shule.

Alipowaambia wanakijiji kwamba shule itajengwa kwa udongo, wengi walisita. Waliujua udongo: mvua ikija, ukuta unakwenda. Kéré aliuchanganya na saruji kidogo na kuushindilia kuwa matofali imara. Wanakijiji wenyewe ndio walioijenga, na ikakamilika mwaka 2001. Dari ni ya matofali ya udongo yenye nafasi za kupitisha hewa. Juu yake, kwa kuachwa uwazi mkubwa, kuna paa la bati lililonyanyuliwa kwa vyuma vyembamba na kutokeza mbali nje ya kuta. Jua linalipiga bati, lakini upepo unapita kati ya bati na dari na kulichukua joto kabla halijawafikia watoto. Hewa ya moto ya darasani inatokea juu kwenye dari, na hewa ya nje inaingia madirishani.

Shule ya Gando ilipata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan mwaka 2004. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima kubwa kabisa ya wasanifu wa majengo duniani.

Shule ile haikuiga kichuguu. Lakini Kéré alipopewa kazi ya kusanifu chuo cha mafunzo ya kompyuta kando ya Ziwa Turkana, Kenya, alitazama mazingira ya pale. Turkana kuna joto kali na vumbi, na vichuguu vya huko vimesimama virefu kama minara. Chuo hicho, Startup Lions Campus, kilikamilika mwaka 2021. Kimejengwa kwa mawe yaliyochimbwa karibu na hapo, na juu yake imesimama minara mirefu ya kutolea hewa ambayo wasanifu wanasema waliipata kwa kutazama vichuguu vya eneo hilo. Hewa ya moto inapanda na kutoka kwa minara, na hewa iliyo poa zaidi inaingilia chini. Kompyuta huharibika kwa joto na vumbi, kwa hiyo minara hiyo haikuwekwa kwa ajili ya urembo tu.

Nyumbani kwako

Huhitaji mnara. Lakini kanuni zile zile zinaweza kupunguza joto katika nyumba ya kawaida, zahanati au darasa. Tunataja zilizo rahisi.

Kwanza, jua joto linaingilia wapi. Katika nyumba ya bati mchana, sehemu kubwa ya joto hutoka juu. Bati lisilo na dari ni sawa na jiko lililogeuzwa. Dari ya mkeka, mianzi au mbao inasaidia, lakini nafasi iliyo kati ya dari na bati ikizibwa pande zote, joto linabaki humo. Iachiwe matundu ya hewa pande mbili zinazotazamana, ili upepo upite.

Pili, hewa inahitaji njia ya kuingia na ya kutoka. Dirisha moja halitoshi. Tundu la juu, karibu na paa, huitoa hewa ya moto. Dirisha au tundu la chini, upande wenye kivuli, huingiza hewa iliyo poa. Ukitaka kujua hewa inakopita, ning'iniza uzi mwepesi kwenye tundu na utazame unaelekea wapi.

Tatu, tazama unaishi wapi. Nyanda za juu na bara ambako usiku una baridi, kuta nene za udongo au matofali zinafaa: fungua usiku zipoe, funga madirisha ya upande wa jua mchana. Pwani, ambako usiku nao una fukuto, ukuta mnene hauna baridi ya kuweka akiba. Huko cha maana zaidi ni upepo kupita moja kwa moja kutoka dirisha hadi dirisha, upenu mrefu na kivuli. Jengo la Harare lingehamishiwa Tanga au Mombasa lilivyo, lisingefanya kazi vile vile.

Nne, kivuli. Mti upande wa magharibi hukinga jua la jioni, ambalo ndilo huikuta nyumba ikiwa tayari imechoka. Upandwe mbali kiasi kwamba mizizi isifike kwenye msingi wala matawi yasiangukie paa.

Kuna tahadhari mbili. Kila tundu unaloliongeza ni mlango wa mbu, kwa hiyo liwekewe wavu, na chandarua kitandani kibaki palepale. Pia usitoboe ukuta uliokwisha kujengwa bila kumuuliza fundi, hasa ukuta unaobeba paa. Anza na chumba kimoja, uone tofauti kabla hujagusa vingine.

Usijenge nyumba ya umbo la kichuguu ukadhani umeiga kichuguu. Nguzo ya udongo isiyopitisha hewa ni pambo tu.

Anayekiona kila siku

Tukitazama mifano yote hii, tunaona kwamba waliobuni hawakuanza na vitu vya siri. De Mestral alianza na mbegu ambayo kila mtoto wa kijijini ameichomoa kwenye nguo yake. Barthlott alianza na jani. Nakatsu alianza na ndege anayeonekana kwenye kila mto wenye samaki. Kilichowatofautisha na wengine ni kwamba walikaa na swali muda mrefu, wakapima, wakajaribu tena waliposhindwa.

Wakulima wetu wanajua mengi kuhusu kichuguu. Wanajua udongo wake unafaa kwa matofali, wanajua mahindi yaliyopandwa karibu nacho hustawi kuliko mengine, wanajua kumbikumbi watatoka siku gani baada ya mvua ya kwanza. Ujuzi huo haujaandikwa sana, na mara nyingi haumfikii anayechora ramani za shule na zahanati. Ndiyo maana bado tunajenga madarasa ambayo ikifika saa saba hayafai kusomea, mita chache kutoka kwenye nyumba ya mdudu aliyelimaliza tatizo hilo zamani.

Kamati ya shule ikikaa kuzungumzia darasa jipya, au ukimwita fundi akupimie kiwanja, uliza swali moja kabla ya bei ya bati: hewa ya moto itatokea wapi? Kama hakuna anayejua, ramani haijakamilika.